Ukuta wa Miwa

Awinja alikuwa ameolewa miaka mitano na mama yake mzazi hajawahi kuona mahali anapopikia chai. Si kwamba mama alikuwa mbali. Kageha aliishi Malinya, na kila mwezi alikuja Kakamega mjini hospitalini kuangaliwa nyonga. Akishamaliza, Awinja humkuta nje ya lango la hospitali, wakaketi kwenye ukingo wa saruji karibu na wauza ndizi, wakanywa chai ya chupa, Kageha akampakata mjukuu wake Natasha kidogo, kisha huyo, amepanda boda anarudi zake. Mama na binti, ukingoni mwa mtaro, kama abiria wasiojuana. Jambo hilo lilimkera Awinja hata chai yenyewe ikawa haimshuki vizuri.

Sababu ilikuwa Titus, na Titus maskini hakuwa na kosa lolote ila kuwa mkwe. Kwao Awinja, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na mama mkwe haingii nyumba anayolala mkwe wake. Wengi siku hizi wamelegeza. Utawaona kwenye sherehe wamekumbatiana wanapigwa picha, meno yote nje. Kageha hakulegeza. Alikuwa mama wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, mtu wa kucheka na wa kuelewana naye katika mambo yote mengine, lakini hapo aligoma kabisa. Hata siku ya harusi alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa, na mpaka leo Titus alichokijua cha mama mkwe wake ni ukingo wa kofia ya samawati.

Sasa mtu mwenye nyumba kubwa hupanga mambo yake. Titus na Awinja walikuwa na chumba kimoja tu huko Amalemba, kitanda nyuma ya pazia. Ukiingia mlangoni, tayari umeingia chumba cha kulala cha mkwe.

Siku moja pale ukingoni, Natasha amelala mapajani mwa bibi yake, Awinja alijikaza akasema lililokuwa likimsumbua.

"Mama, nikikutengenezea mahali nyuma ya nyumba, nje kabisa, utakuja upumzike ukitoka kliniki?"

Kageha alimeza chai kwanza. "Nje si nyumba," alisema.

"Si nyumba."

"Lakini nisimwone. Na yeye asinione."

"Hutamwona, mama."

"Choo chenu kiko wapi?"

Choo kilikuwa huko huko nyuma, kwenye ncha ya ua, na kila mpangaji wa ploti, Titus akiwemo, alipita hapo. "Tutapanga," alisema.

"Basi mwezi ujao," Kageha akasema, na akapanda boda. Awinja alirudi nyumbani akikimbia nusu njia, mtoto mgongoni.

Huo ua nao, tuseme ukweli, ulikuwa aibu. Ulikuwa wa wapangaji wote, na kwa hiyo haukuwa wa mtu. Maji ya kufulia yalitoka milangoni yakajitafutia njia yenyewe, yakasimama katikati, yakanuka. Kulikuwa na tairi, chupa, mabati yaliyooza kwa kutu, matofali ya jiko la zamani lililoanguka, na mpera mmoja uliozaa bila kushukuriwa na mtu. Mtunza ploti alipoombwa ruhusa alisema wafanye wapendavyo mradi wasimwombe chochote.

Wapangaji wenzao walikuwa wawili. Naliaka alikuwa msichana wa kutoka Bungoma anayesomea uuguzi, mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Osundwa alikuwa mtu wa makamo, wa Musanda, dereva wa pikapu ya kubebea mizigo sokoni, na kila tatizo duniani alifahamu dawa yake, dawa hiyo ikiwa haikosi kupatikana kwao Musanda. Awinja aliwaeleza shida yake bila kuficha. Alitarajia wacheke. Naliaka alicheka kweli, kisha akauliza wanaanza lini.

Walichanga kidogo walichokuwa nacho, kikaishia kwenye misumari na kipande cha bomba. Kuanzia hapo ikawa ni kuokota, kuomba na kubuni. Matofali ya jiko lililoanguka yakawa njia ya kupita bila kukanyaga tope. Maji ya kufulia yaliongozwa na lile bomba mpaka kwenye shimo pembeni, na ndani ya shimo wakapanda nduma, ambayo haina kiburi na hunywa maji ya aina yoyote. Seremala wa barabara ya pili aliwapa vumbi la mbao na ubao mpana wenye ufa, wakaupigilia juu ya visiki viwili ukawa benchi, na juu ya benchi wakavuta turubai kuukuu la pikapu ya Osundwa.

Titus alifanya kazi usiku kwenye duka la kuoka mikate, akirudi asubuhi nyusi zake zina unga. Badala ya kulala, alishika jembe. Alileta mifuko mitupu ya unga wa ngano, wakaijaza udongo na samadi, wakaitoboa ubavuni. Awinja alifungua kitambaa alichokihifadhi tangu aolewe, chenye mbegu za mboga za kwao, mrenda na saga, ambazo mama yake alimfungia akitoka nyumbani. Hakuwahi kuwa na mahali pa kuzipanda. Alizipanda sasa kwenye kila tundu la kila mfuko, na mvua ya Kakamega, ambayo haihitaji kualikwa, ikafanya mengine.

"Baba Natasha, lala kidogo," Awinja alimwambia mumewe. "Utaanguka ndani ya unga wa watu."

"Mama akishakuja nitalala," alisema Titus. "Nataka aone binti yake hakuokotwa jalalani."

"Hatakuona wewe, lakini."

"Aone benchi. Benchi ni mimi."

Awinja alimpenda sana mumewe saa ile, akamletea uji.

Lililobaki lilikuwa pazia la kumficha Titus akienda chooni. Naliaka alisema wapande pasheni, itambae kwenye kamba kutoka mperani hadi pembe ya bafu, iwe ukuta wa majani na matunda juu. Wazo zuri sana. Walipanda. Ila pasheni hukua kwa wakati wake na haikuambiwa tarehe ya kliniki. Mgeni alipobakiza siku chache afike, ukuta wenyewe ulikuwa magotini, majani machache yanatetemeka, na ungemficha labda kuku akiinama.

Awinja alisimama pale mikono kichwani. Kununua mabati hakukuwezekana. Shuka zingewekwa, lakini shuka za kitanda cha mkwe kutundikwa mbele ya mama mkwe ni matusi makubwa kuliko mkwe mwenyewe.

"Nyinyi mnateseka bure," alisema Osundwa. "Kwetu Musanda ukuta tunao mpaka unatushinda."

Kesho yake pikapu ilirudi imejaa miwa. Miwa mirefu, minene, na majani yake ya kijani juu, kutoka shamba la kaka yake, iliyokuwa imekomaa ikingoja kukatwa. Walichimba mtaro mwembamba kutoka mperani hadi bafuni, wakaisimamisha miwa imebanana, wakaifunga kwa kamba ya katani, wakakanyagia udongo. Jioni shamba zima la miwa lilikuwa limesimama Amalemba, linavuma kwa upepo. Watu walichungulia kutoka ploti za jirani. Awinja aliketi kwenye benchi akamtuma Titus chooni na kurudi, mara tatu, na mara zote hakuona hata kisigino. Alifurahi akapiga kigelegele, na Naliaka akampokea.

Kosa lao mlishaliona. Wao hawakuliona. Mtu wa kwingine angejenga ukuta kwa kitu kisicholiwa.

Hakuna aliyeiba, kuiba ni neno kubwa. Osundwa aling'oa mmoja kupima kama utamu haujapotea njiani. Ulikuwa haujapotea. Naliaka alichukua mmoja wa kusomea, akasema sukari husaidia kukumbuka majina ya mifupa, na mifupa ya binadamu ni mingi. Titus alirudi kutoka kazini asubuhi na kiu. Natasha akalilia, naye ni mtoto, angenyimwaje. Awinja aliwagombeza wote, akawaambia hawana haya, kisha Naliaka akafunua ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango wa Awinja na kukuta makapi mabichi yamejaa.

"Hayo ni ya nani, Mama Natasha?"

"Ya mgeni," alisema Awinja, na hata yeye hakujiamini.

Ukuta ukawa na mapengo. Waliisogeza miwa iliyobaki, wakaiachanisha kidogo hapa, wakaificha kwa majani pale, na ikatosha, kwa shida. Halafu jioni ya kuamkia siku ya mgeni mvua ikanyesha ya kufungua mbingu. Asubuhi mtaro ulikuwa uji, na ukuta wote umeinama upande wa benchi kama mlevi anayetaka kusimulia jambo.

Osundwa alikuwa ameshakwenda hospitalini kumchukua Kageha. Awinja alijaribu kuukandamiza udongo kwa miguu, ukamtoka kando. Machozi yalimjia. Mwezi mzima wa kazi, na mama angefika akute mwanamume amesimama mlangoni mwa choo, angegeuka hapo hapo, na ingebaki ni ukingo wa saruji mpaka uzeeni.

"Nitaushikilia," alisema Titus. "Nikienda zangu, utamwangukia mama pale kwenye benchi."

"Utaushikilia nini, siku nzima?"

"Kwani atakaa mpaka lini? Nimebeba magunia ya ngano maisha yangu yote. Hii ni miwa." Alichukua jerikeni, akalipindua nyuma ya ukuta, akakaa juu yake huku amelipa benchi mgongo. Naliaka alifunga kamba kwenye muwa mnene wa katikati, uliobeba wenzake, akaizungusha kiunoni mwa Titus. Titus akajivuta mbele, na ukuta ukasimama wima. "Sitageuka," alisema. "Hata nyoka apite."

Kageha aliingia kwa kile kichochoro cha pembeni akiwa na fimbo yake, kofia ya samawati na kikapu cha ndizi. Aliupita mlango wa chumba bila kuutupia jicho. Alipofika uani alisimama.

"Mulembe," alisema.

"Mulembe, mama," Awinja na Naliaka waliitikia pamoja.

Kageha hakuketi mara moja. Alitembea polepole kwenye njia ya matofali, akaangalia nduma, akaangalia turubai, akafika kwenye mifuko ya unga. Hapo aliinama kwa taabu ya nyonga, akakata jani la mrenda, akalisugua kati ya vidole, akanusa.

"Hii ni ile ya mama yangu," alisema.

"Ni ile uliyonifungia."

"Nilidhani uliitupa. Watu wa mjini hununuanga sokoni tu." Alilitia jani mfukoni, kisha akaketi kwenye benchi, akanyoosha mguu, akashusha pumzi ndefu. "Sasa naweza kuambia watu mahali unakaa," alisema. Awinja alijishughulisha na kikombe kisichokuwa na kasoro yoyote.

Chakula kilipikwa kwa Naliaka, kwenye sufuria ya Naliaka, ili kisiwe cha nyumba ya mkwe. Obusuma, ndio ugali, ingokho, ndiye kuku, na mrenda yenyewe ya mifuko. Kageha alikula vizuri. Akishiba, alianza habari za Malinya, na Kageha akianza habari huwezi kuondoka. Alisimulia fahali wa jirani yake, aliyelishwa na kusifiwa mwaka mzima, akapelekwa uwanjani kupigana, kwa nyimbo na ngoma za isukuti. Alipomwona mwenzake aligeuka, akapasua umati, akakimbia mpaka kanisani na kuingia katikati ya mazoezi ya kwaya.

"Sauti ya kwanza wote walitoroka," alisema Kageha. "Sisi wa pili tulibaki. Tuliimba mpaka mwisho, na yeye amesimama hapo anasikiza. Mchungaji alisema huyo ndiye mshirika wa kwanza kusikiza sisi mpaka mwisho."

Awinja na Naliaka walicheka wakashikana. Nyuma yao ukuta wa miwa nao ulianza kutikisika, majani yakigongana, tika tika tika.

"Kuna upepo?" aliuliza Kageha.

"Upepo kidogo, mama," alisema Awinja, akikaza uso.

"Na hii turubai haisogei."

"Ni upepo wa chini."

Kageha aliutazama ukuta kwa muda. "Miwa yenu nayo ni mizuri," alisema. "Hii ya Wanga, kwao dereva wenu, ina maji sana. Nani alipandanga karibu karibu hivi?"

Awinja alikuwa amebeba sahani mikononi. Alitaka kusema angojee, atamkatia mwingine, lakini mama yake alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo, anachagua. Kageha alikulia kwenye mashamba, hachagui muwa mwembamba. Alishika ule mnene wa katikati, wenye kamba, akauvuta kwa nguvu.

Ukuta ulifunguka. Nusu uliangukia huku, nusu kule, kwa kelele ya majani mengi, na katikati akabaki Titus juu ya jerikeni, kamba kiunoni, mgongo umewageukia, mabega yamekakamaa. Hakugeuka. Alikuwa ameahidi.

Kageha alijifunika uso kwa leso yake papo hapo, akampa mgongo. Wakawa hivyo, mama mkwe anatazama mifuko ya unga na mkwe anatazama mlango wa choo. Awinja alijua sasa mama atachukua kikapu. Alijua hata maneno atakayosema, ya upole, mabaya kwa upole wake, kisha hatarudi tena.

"Nadasha," Kageha aliita, jina la mjukuu kama ulimi wake ulivyolitamka.

Mtoto alitoka chini ya benchi.

"Yule ni nani pale?"

"Baba," alisema Natasha.

"Muulize anafanya nini."

"Anashikilia ukuta, mama," Awinja aliingilia. "Mvua iliuangusha. Yuko hapo tangu asubuhi, na usiku alikuwa kazini."

"Sijauliza wewe. Mimi naongea na mtoto." Kageha aliketi, mgongo bado umegeuzwa. Aliweka muwa kwenye goti la upande mzima, akauvunja. Alimenya kipande kwa meno yake mwenyewe, polepole, maganda yakianguka kwenye njia safi ya matofali, na hakuna aliyethubutu kusogea. Alipomaliza alimpa mtoto. "Pelekea baba yako. Mwambie mimi kukhu wako nimesema, mtu wa kufanya kazi lazima ale."

Natasha alipita juu ya miwa iliyolala, akampa baba yake. Titus alipokea kwa mikono miwili bila kugeuza shingo.

"Natasha," alisema, "mwambie kukhu asante sana."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Kageha kuisikia sauti ya mkwe wake. Alikaa nayo kidogo. Kisha akasema, "Nadasha, mwambie baba yako miwa haisimamishwangi hivyo. Inalazwa chini ndani ya udongo, iote yenyewe. Apande. Mwezi ujao nikirudi, nisimwone."

Katika maneno hayo yote Awinja alisikia moja tu, *nikirudi*. Aliweka sahani chini, akasema anakwenda kutafuta chumvi, wakati chakula kilikuwa kimeshaliwa. Ndani, nyuma ya pazia, alilia kwa furaha mpaka Naliaka akamfuata akajiunga naye bila kuambiwa sababu.

Titus alipanda siku hiyo hiyo. Alikata miwa vipande, akavilaza mtaroni, akavifunika, na vikaota. Mwezi uliofuata ukuta ulikuwa vifundoni. Kwa hiyo Kageha alikaa kwenye benchi mgongo huku, Titus kwenye jerikeni mgongo kule, na Natasha akawa mtu wa kupeleka maneno, akiyapunguza na kuyaongeza alivyotaka. Mwezi wa pili ulikuwa magotini. Kageha alimtuma mtoto aulize mikate hupikwaje, kwa nini wa jana huwa mgumu, na kama kweli wanaweka mayai. Titus alijibu yote. Miezi ikaenda, na habari ikawa ndefu kuliko mtoto, wakasahau kumngoja. Mmoja alisema hewani, mwingine akajibu hewani, na Natasha akaendelea na michezo yake chini ya mpera.

Hatimaye miwa ikapita kichwa cha mtu. Ilikuwa imesongamana, kijani kibichi, ukuta wa kweli ambao hata panya angebisha hodi. Awinja alimwandalia mama yake chai akajivunia. Kageha aliketi, akanyoosha mguu, akasema jambo kuhusu yule fahali, kwamba sasa ameuzwa. Akangoja. Nyuma ya ukuta kilisikika kitu kama kikohozi cha mbali. Akarudia kwa sauti. Akatega sikio.

Alimwita mjukuu wake, akamvuta karibu.

"Nadasha, mwambie baba yako aje na panga, apunguze hii miwa hapa katikati," alisema. "Simsikii."